Barua ya Hamsini

Kijiji kisipofikisha barua hamsini kwa wiki, posta yake inafungwa. Ndiyo maana siku hizi kuna mashine inayotuandikia sisi wajane, kwa mwandiko wa waume zetu marehemu, nasi tunajibu.

Jumatano niliirudisha ya kwangu bila kuifungua.

"Safari hii sijibu," nilimwambia Sekela wa dirishani. "Mume wangu nilimzika."

"Mama, tuko arobaini na tisa. Posta ikifungwa, dawa ya sukari ya mjukuu wako utaifuata mjini. Mwandikie tu kwamba mahindi yameota. Kwani alipokuwa hai alikuwa anakusikiliza?"

Nilicheka kidogo, nikakaa kwenye benchi, nikaifungua. Aliuliza kama paa bado linavuja. Nikamjibu kwamba limeshazibwa.

Jumapili mchungaji alisoma majina ya marehemu wa mwaka, na kama ilivyo desturi yetu, kila mwenye wake akasimama. Lilipotajwa la Ambakisye, mume wangu, jirani alinigusa kiwiko. Nilibaki nimekaa. Nilikuwa nawaza kwamba kwenye barua sikumweleza ni nani aliyepanda kuziba lile paa, naye lazima ataniuliza.