Mfua Jezi

Kwa wiki tatu jezi namba nane haikuletwa kufuliwa.

Mfua jezi alilipekua kapu zima, akalirudia. Nyingine zote zimo, zimelowa jasho na matope, namba nane haimo. Alipomuuliza mwenyewe, winga wa timu, binti wa miaka kumi na tisa, binti aliangalia pembeni.

"Nafua mwenyewe, Mama."

Tangu lini? Mabeseni yalikuwa nyuma ya stoo ya mipira, na binti hakutaka tena kupita stoo. Mfua jezi alilijua hilo. Sababu yake pia aliijua, na ndiyo iliyomnyima usingizi.

Pale klabuni kila mtu alimwita Mama, naye kila mchezaji alimwita mwanangu. Wasichana walimtania: "Mama, yangu ina dhambi, ifue mara mbili!" Naye huwajibu: "Dhambi si jasho, mwanangu, haitoki kwa sabuni." Wana wa kuitwa alikuwa nao timu nzima. Wa kumzaa alikuwa mmoja tu, na huyo mpira ndio uliomlea. Alianza na mpira wa matambara, akiupiga ukutani mpaka majirani wakaja juu. Kazi hii ya kufua pia alitafutiwa na mwanawe huyo huyo: "Njoo ufue jezi zetu, Mama, uache kutangatanga na nguo za watu."

Leo asubuhi, chai ikiwa bado mezani, mwanawe alimshika mikono yote miwili.

"Mama, usiende kule. Ukinyamaza, litapita. Ukisema, mimi kwenye mpira ndiyo basi."

Alikuja hivyo hivyo. Sasa alikuwa benchini, nje ya ofisi ya klabu, bega kwa bega na binti. Ndani, barua ya binti ilikuwa mezani pa kamati. Kocha amekana kila neno. Asipopatikana shahidi, binti atafukuzwa timuni kwa kumchafulia mtu jina, na mambo yamekwisha.

"Mama," binti alinong'ona, "ukitaka kurudi nyumbani, rudi. Sitakulaumu."

"Nyamaza, mwanangu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

Mlango ukafunguliwa. Akaitwa peke yake.

Mwenyekiti alikaa katikati, katibu na kalamu yake kushoto. Kocha alikuwa kwenye kiti cha dirishani, filimbi shingoni, anaangalia viatu vyake. Mfua jezi hakumtupia jicho.

"Karibu, Mama," alisema mwenyekiti kwa sauti ya msibani. "Kabla hujafungua kinywa, nikwambie kama ndugu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukisema neno hapa, mwanao hatakanyaga uwanja tena, si wetu tu, wowote. Mpira ni kijumba kidogo, habari hazikosi ufa."

"Unanitisha au unanihurumia?"

"Vyote viwili, Mama."

"Basi vyote nimevipokea. Katibu, andika."

Akashusha pumzi.

"Ilikuwa Jumanne, baada ya mazoezi. Nilikwenda stoo kurudisha vizibao. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, nikausukuma. Binti alikuwa kwenye godoro la mazoezi. Kocha akaniambia, 'Namkanda goti.' Mimi ni mfuaji, kukanda sikujui. Lakini goti lilikuwa limefungwa bandeji, na mikono ya kocha haikuwa kwenye goti. Binti alikuwa anasema, 'Basi, kocha. Basi.' Alisema mara nyingi."

Kiti cha dirishani kikalia.

"Mama," katibu alikohoa, "stoo ina giza. Na macho yako, kwa umri huu…"

"Doa la nyasi kwenye soksi nyeusi naliona, mwanangu, tena jioni. Umewahi kuvaa yenye doa?"

Katibu akainamia karatasi.

"Bado sijamaliza. Baada ya kuona, nilirudisha mlango polepole, nikaenda kuanika. Wiki tatu nimeanika. Binti aliniona nikifunga ule mlango. Hilo nalo liandike, usiliruke."

Alibaki amesimama, mikono yake iliyochubuliwa na sabuni imening'inia, haijui pa kwenda. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alionekana mtu aliyetamani kikao hiki kingekuwa cha klabu nyingine.

"Kocha, una swali kwa shahidi?"

Kocha akatikisa kichwa.

"Basi filimbi mezani. Na funguo za stoo. Hutagusa timu yoyote ya klabu hii. Binti anabaki."

Nje, binti alikuwa amesimama, amesikia yote kupitia ukutani. Hakusema ahsante, si jambo la kushukuriwa. Alimkumbatia mfua jezi kwa nguvu, kisha akageuka kuelekea langoni, ambako mwanamke mwenye sare za uuguzi alikuwa akikimbia huku akimwita kwa jina, na binti akamwangukia kifuani mama yake mzazi akilia.

Mfua jezi alirudi benchini kumsubiri wa kwake. Kocha alipotoka na mkoba, Mama aliinuka, akanyoosha mkono ampokee, kama alivyompokea kila siku aliyotoka shule, mwanawe akampita.