Sikio la Jikoni

Siku hizi wimbo hautoki nyumbani kwa mtunzi kwenda redioni mpaka umtoke mmoja wa wanafamilia wenyewe, bila kuombwa wala kujifunza, na Sikio lililobandikwa ukutani jikoni liusikie. Ndiyo maana Nyemo, mpiga zeze wa Dodoma, alikuwa na nyimbo nne tu redioni baada ya miaka kumi ya kutunga. Mumewe hajui hata kupiga mluzi. Mama mkwe wake, Bibi Mbeleje, mdomo wake ulikuwa wa kuuliza chumvi iko wapi.

Asubuhi hiyo bibi alikuwa akisonga ugali, mara akaanza kuimba chini chini wimbo mpya wa Nyemo, kiitikio chote, mwiko ukigonga sufuria kwa mapigo. Taa ya Sikio ikawaka kijani.

Nyemo akamkumbatia, mwiko na unga vyote pamoja. Mumewe akatoka bafuni na povu kichwani, akacheza. Kabla ugali haujapoa, redio za mtaa mzima zilikuwa zinaupiga na majirani wanauimba.

“Mama, umeniheshimisha,” alisema Nyemo, machozi yakimtoka.

Bibi Mbeleje akacheka mpaka akashika kiuno. “Si bure, mwanangu. Wiki nzima najifunza kiitikio hicho kule kwenye banda la kuku.”

Wakaangua kicheko wote watatu. Nyemo ndiye aliyenyamaza kwanza, akatupia jicho ukutani. Nje majirani walikuwa bado wanaimba. Taa ya kijani ilikuwa imeanza kupepesa taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alichosikia.