Pipa Lililochanjwa Chale

Mashavu alipewa kibarua cha majaribio, kusafisha mapipa mapya ya taka, yaliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Akaogopa kukikosa. Akalisugua pipa la sokoni kwa mchanga na majivu, kama sufuria ya nyumbani, hadi wapita njia wakalitumia kujitazama. Mvua moja tu, kutu ikachipua kwenye kila mkwaruzo.

"Dada Mashavu, umeliosha au umelichanja chale?" msimamizi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hili hufutwa kwa kitambaa laini na sabuni; mchanga huliondolea kinga ya kutu. Kesho usije."

"Nilitaka ling'ae, kaka."

"Si lilikuwa linang'aa?"

Msimamizi akaenda zake. Mashavu akachovya kitambaa kwenye sabuni, akaanza kulipangusa polepole, kama anayempangusa mgonjwa. Mwanamke mmoja akasimama kando, ganda la ndizi mkononi, akimsubiri amalize.