Santuri Tatu za Tamasha la Kobe

"Hii ni maiti iliyopakwa poda," alisema Segawa, macho hayabanduki kwenye sindano. Santuri ya pili ilikuwa ikizunguka. "Ngoma ziko mbali, besi imevimba. Wamarekani wameichapa ovyo."

Wakui aliandika kila neno. Miaka kumi na miwili nyuma, yeye ndiye aliyechanganya upya sauti za tamasha hilo la jazi na roki lililorekodiwa Kobe. Segawa, mhakiki aliyeogopwa Japani nzima, akaandika gazetini kwamba fundi huyo ana buti ndani ya sikio. Studio ikamfukuza. Tangu hapo alikuwa akitengeneza redio mbovu za watu. Leo amekuja na santuri tatu: chapa ya kwanza, chapa ya Marekani, na mchanganyo wake mpya. Aliomba hukumu nyingine.

"Kaa hapa mwangani," Segawa alikuwa amemwamuru. "Sipendi mtu wa kunong'ona pembeni."

Mitsue, mke wa Segawa, ndiye aliyebadilisha santuri, kama alivyofanya kwa miaka thelathini.

"Na wewe mama, unaionaje?" Wakui alimuuliza.

"Usimuulize huyo!" Segawa akacheka. "Masikio yake ya mti. Mpigie piano, mpigie sufuria, kwake ni mamoja."

Mitsue akainamisha kichwa. Akaweka santuri ya tatu.

Kwa dakika ishirini Segawa alitikisa kichwa, kidole kikigonga goti. Sindano ilipofika mwisho, alishusha pumzi.

"Buti bado limo, kijana. Saksafoni inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Nenda kauze samaki."

"Naomba uniandikie hayo, mwalimu. Gazeti linasubiri."

Segawa aliandika ukurasa mzima, kwa raha zake, akaugonga muhuri.

Mlangoni, Wakui alimgeukia Mitsue.

"Mama, ukitaka nisiipeleke, sema sasa hivi."

"Ipeleke," alisema Mitsue. "Na uwaeleze yote."

Akafunga mlango, akarudi chumbani. Alipiga magoti nyuma ya spika, akachomeka nyaya zake alizozichomoa asubuhi kabla mgeni hajafika. Akashusha sindano. Saksafoni ikapasua nyumba nzima.

Segawa, aliyekuwa amempa mgongo, aliendelea kumenya chungwa lake.