Kupokea Mzigo

Treni ya mjini ilijaa pomoni, lakini Bi Zuwena alipata kiti. Mbele yake alisimama mwanamke wa Kizungu, mkono mmoja ameshika bomba, mwingine umeelemewa na mkoba. Kwao Bi Zuwena, aliyekaa humpokea mzigo aliyesimama. Asiyefanya hivyo hakufunzwa na mamaye. Akaushika mkoba.

"Lete, mwanangu, nikupakatie."

Mwanamke akapiga ukelele. Behewa zima likageuka.

Bi Zuwena akamtafuta kwa macho Haruni, mwanawe, aliyemwalika kuja kulitazama jiji hili kuu la Ulaya na aliyeijua lugha ya wenyeji.

"Haruni, baba, hebu waambie!"

Haruni alikuwa amesimama mlangoni. Mzee mmoja alimwuliza kitu, akimwonyesha Bi Zuwena kwa kidevu. Haruni akatikisa kichwa, akageukia dirisha.

Lugha Bi Zuwena hakuijua. Kichwa kile alikielewa.

Kituoni Haruni aliteremka. Watu walipokwisha kutawanyika, akaanza kumpungia mama yake mkono, kwa siri, ashuke upesi.

Milango ikaanza kujifunga. Bi Zuwena alikuwa bado ameketi, mikono ameikalia, akimtazama kama asiyemjua.