Kunawa Mikono Nyamyumba

Jeneza lilikuwa jepesi kuliko alivyotarajia. Régis alilishika mbele, upande wa kushoto, na walipokuwa wakishuka njia ya mawe meusi kuelekea makaburini hakuhisi uzito wowote, begani wala moyoni. Alichokuwa akiwaza ni maharagwe.

Hakumjua marehemu. Alijua tu kwamba alikuwa mama mmoja wa Nyamyumba, na kwamba baada ya maziko watu hurudi nyumbani kwa wafiwa, wakanawa mikono, wakapewa chakula.

Tangu wanafunzi wa chuo walipokatiwa posho ya chakula, kila mmoja alitafuta pa kushikilia. Jado, aliyelala naye chumba kimoja, alinyoa nywele za wenzake bwenini. Narcisse alivuka mpaka kila asubuhi kwenda kwa shangazi yake Goma, upande wa Kongo, akarudi na kandambili za kuuza na tumbo lililoshiba. Régis hakuwa na shangazi, Goma wala kwingineko. Mauaji ya mwaka ule wa tisini na nne yalimwachia jina lake tu. Basi akawa mtu wa misiba.

Alikwisha kujifunza adabu zake. Usiwahi kufika, usilie kuliko wafiwa, na sahani zikija usiwe wa kwanza kunyoosha mkono. Hilo la kulia halikumpa shida, kwa kuwa hakuweza. Macho yake yalikauka zamani. Aliinamisha kichwa tu, akanyamaza, na popote alipokwenda watu waliuheshimu ukimya huo.

Siku hiyo, hata hivyo, alijikuta mbele. Wabebaji walipungua mmoja, na katekista akamwonyesha kidole. "We, kijana, shika hapa." Kaburini akapewa msalaba wa mbao ausimike, kwa sababu alikuwa amesimama karibu. Katekista akasoma sala upesi upesi, akasema mama huyu sasa amepumzika, akaaga. Alikuwa na maziko mengine kule Rubavu. Watu wakaja mmoja mmoja kumpa Régis mkono. Naye akawapa wake. Msibani kila mtu humpa kila mtu mkono.

"Pole sana, mwanangu," alisema mzee mmoja aliyevaa koti refu la mvua. "Alikuwa mutu muzuri."

"Muzuri sana," Régis akajibu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, ya udongo, juu kidogo ya ziwa. Waliorudi hapo hawakuwa wengi. Mlangoni, juu ya mkeka, aliketi msichana aliyejifunika kitenge mpaka kichwani, akilia kwa sauti ya kukata maini. Régis akajua mara moja kuwa ndiye binti wa marehemu. Ada ni ada. Akamwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Dada, jipe moyo. Mungu ndiye anajua."

"Na we pia, kaka," msichana akasema, kisha akazidi kulia. "Na we pia, maskini."

Mzee wa koti alichota maji. Wakanawa kwa zamu, wakakaa kwenye nyasi. Habari za marehemu zilikuwa chache. Mama mmoja alisema alikuwa mwenye upendo. Mwingine akasema, bon, ndiyo dunia. Baada ya hapo wote wakawa wanautazama mlango.

Régis naye akautazama. Alijaribu kukisia: sombe ya majani ya muhogo, labda na sambaza, vile visamaki vya ziwani, labda ndizi. Njaa yake ilikuwa imeacha kuuma tangu jana. Ilikaa tu ndani yake, kama mgeni ambaye hasemi anaondoka lini. Kivuli cha nyumba kikarefuka mpaka kwenye miguu yao. Jikoni hapakutoka moshi. Hapakusikika hata sufuria ikigongwa. Na bado hakuna aliyeinuka kwenda zake.

Pengine binti kwa uchungu amewasahau wageni, akawaza. Wafiwa husahau. Aliwahi kuhudhuria msiba mmoja ambapo chakula kiliungua motoni, na wenyewe wamekaa pale pale wakiutazama moto. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika misiba yote aliyokula. Alirudi mkekani, akamwinamia yule msichana.

"Dada, samahani. Watu wamekaa muda mrefu. Labda ungesema na wale wa jikoni..."

Kilio kikakatika. Msichana aliteremsha kitenge mabegani. Alikuwa wa rika lake, mashavu yamebonyea, midomo imepasuka kwa ukavu. Akamkazia macho kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua.

"Jikoni hakuna mutu," akanong'ona. "Mi nilishaangalia. Mi si wa hapa, kaka. Mi naitwa Belyse, niko mwanafunzi wa chuo. Walitukatia posho. Nilisikia tu iko kilio, nikaja."

Régis akageuka kuwatazama wale wengine. Mzee wa koti alikuwa amekwisha kusimama. Alivua kofia, akaja polepole, na nyuma yake wakaja wale kina mama, kisha waliobaki, wote wakamzunguka Régis kwa heshima.

"Usione haya, mwanangu," mzee alisema, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Kama mama yako hakuacha kitu cha kula, utuambie tu, twende."