Kitambaa Kwenye Kamba ya Lifti

Kitambaa kilinasa.

Chuoni tulifundishwa hivyo: pitisha kitambaa kwenye kamba ya chuma ya lifti. Kikinasa, ujue nyuzi zake za chuma zimeanza kukatika, simamisha lifti. Nilikivuta polepole, kikaacha uzi mweupe unaning'inia.

"Fundi, kimenasa."

Fundi mkuu alikuwa kwenye kona ya chumba cha mashine, juu ya ghorofa ya mwisho, anapuliza chai yake, hakugeuza hata shingo.

"Binti yangu, ya darasani yaache darasani. Kamba hiyo nimeikuta hapa, na itaniacha hapa." Akanisogezea kadi ya ukaguzi. "Tia sahihi, kesho unaanza kazi. Hutaki, wenzako wamejaa getini."

Miezi kumi na minne nilikuwa nimezunguka na cheti changu mpaka bahasha ikachakaa. Nikatia sahihi, tena kwa mwandiko mzuri kabisa.

Fundi akawasha swichi ya lifti. Papo hapo simu yangu ikaita.

"Mwanangu, kungoja majibu ya kazi nyumbani kumenishinda!" Mama alikuwa anacheka. "Nimeshaingia kwenye lifti. Ni ghorofa ya mwisho, sivyo?"

Mbele yangu gurudumu la kamba likaanza kuzunguka, na ule uzi mweupe ukaanza kupanda.